Mbegu Zilizojifungia

Siku ya kumi na moja tangu mvua ya kwanza, nilikuwa nimepiga magoti katika shamba la mama mdogo Sekunda pale Luhomelo, nikifukua mbegu za mahindi nilizozitengeneza mwenyewe. Nilifukua kwa vidole, shimo baada ya shimo, mpaka kucha zikajaa tope. Udongo ulikuwa umelowa vizuri. Kila shimo lilikuwa na punje mbili kama inavyotakiwa, na kila punje ilikuwa vilevile kama ilivyofukiwa: kahawia, inang'aa, ngumu kama kokoto.

"Hapo nimeshaangalia," mama mdogo alisema. Alikuwa amesimama nyuma yangu, khanga kaifunga kiunoni. "Na pale pia. Utafukua shamba zima?"

"Labda za upande huu zimechelewa."

"Otilia. Mbegu haziwezi kuchelewa zote kwa pamoja."

Aliponiita kwa jina nilijua amekasirika, maana siku zote mimi kwake ni "mwanangu". Alinilea tangu nina miaka minne, na hasira yake naijua hata nikiwa nimempa mgongo. Niliinuka, nikaenda kwenye gari, nikarudi na koleo na msumeno wa chuma. Punje moja niliibana kwa koleo nikaanza kukata. Meno manne ya msumeno yalivunjika kabla gamba halijaachia.

Ndani mlikuwa na mche. Maji kidogo yalikuwa yamepenya kupitia kitovu cha punje, yakauamsha, nao ukaanza kukua kama kawaida. Ulipokosa pa kutokea ukajizungusha ndani ya gamba, mara tatu, mweupe na mwembamba kama uzi. Ncha yake ilikuwa imechubuka kwa kusukuma.

Mama mdogo aliinama akautazama. "Umekufa?"

"Huu bado. Unatafuta mlango."

"Ukikosa?"

"Siku nne, tano, basi. Hizi zilizomo ardhini tusizihesabu tena, mama."

Aliangalia eka yake moja na nusu, iliyolimwa vizuri, imenyooka mistari, haina hata jani moja la kijani. Chini ya kilima mashamba ya kaya nyingine sabini na tisa yalikuwa na rangi hiyohiyo, na watu walikuwa wakitembea ndani yake wameinamisha vichwa.

* * *

Niseme jinsi mbegu inavyopata gamba, maana bila hilo kosa langu halieleweki.

Mmea haukai chini ukapanga. Panya anakula punje laini na kuziacha ngumu kwa sababu zinamchosha. Zilizoachwa ndizo zinazoota, na watoto wao wanazaliwa wagumu kidogo kuliko mama zao. Panya naye, mwenye meno dhaifu hufa njaa, akabaki mwenye meno makali. Hivyo hivyo kwa maelfu ya miaka, gamba na jino hufukuzana. Korosho imekwenda mbali zaidi, ikajaza gambani mafuta yanayobabua midomo. Mbegu nyingine zimemzoea adui wao mpaka haziwezi kuota bila yeye. Mgunga, kwa mfano, huota vizuri zaidi mbegu yake ikipita kwanza tumboni mwa mbuzi.

Mimi sikuwa na maelfu ya miaka. Nilikuwa na nchi ambayo dumuzi, mdudu mdogo anayetoboa nafaka, alikuwa akiigeuzia nusu ya mavuno kuwa vumbi ghalani. Basi nikayapa mahindi kitu nilichokiita kinasa, sehemu ndogo ndani ya kiini inayohesabu majeraha ya punje tangu ikauke mpaka ipandwe. Majeraha yakipita kumi, kizazi kinachofuata kinaongeza gamba. Yasipofika kumi, gamba linapungua. Kwa msimu wa nne dumuzi alikuta mlango umefungwa. Kufikia wa sita hapakuwa na mtu aliyemwona tena. Viwanda viliacha kutengeneza dawa yake kwa sababu hakuna aliyeinunua. Nilipewa nishani, nikaivaa mara moja, ikanikwaruza shingo, nikaitupa kwenye droo.

Kwa hesabu zangu, dumuzi alipotoweka gamba lilipaswa kupungua mwaka hadi mwaka. Katika kituo changu cha utafiti ndivyo lilivyofanya. Huku Luhomelo lilizidi kunenepa. Nyundo za mashine ya kusaga zilianza kukatika, na wanawake wakalazimika kuchemsha mahindi ya kula kwa majivu kutwa nzima mpaka gamba libanduke. Nilisoma taarifa hizo ofisini, nikaandika pembeni "wavunaji wazembe", nikaendelea na chai yangu. Leo nikikumbuka maneno hayo mawili natamani kujificha.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja: bila dumuzi, ni nani aliyekuwa akizijeruhi?

"Nionyeshe mnavyopukuchua," nilimwambia mama mdogo.

Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kikavu. "Haya. Msomi amesahau."

Kichanja kilikuwa nyuma ya nyumba, palepale kilipokuwa utotoni mwangu: nguzo nne, na juu yake miti iliyopangwa kwa kuachana nafasi ya kidole. Alirusha mahindi kumi hivi ya mwaka jana, akaniwekea fimbo mkononi, akachukua yake. "Piga."

Nikapiga. Mwili haukusahau. Fimbo yangu ikaingia kati ya fimbo zake, yake chini, yangu juu, na punje zikaanza kupenya kwenye nafasi na kudondoka kwenye turubai lililotandikwa chini. Siku za mavuno watu kumi huzunguka kichanja kimoja, pombe iko kivulini, mtu anaimba, na mahindi yanapigwa tangu asubuhi. Nilikuwa naipenda siku hiyo kuliko Krismasi.

"Hizi za mwanzo," mama mdogo alisema akihema, "ni za kula. Zinaachia upesi, ni legevu. Za mbegu tunazisubiri."

Nilisimamisha fimbo. "Mnasubiri nini?"

"Zile za mwisho, zinazong'ang'ania gunzi mpaka mikono ituume. Hizo ndizo zenye nguvu, hizo tunaziweka. Bibi yako alitufundisha hivyo, na mama yake alimfundisha yeye."

"Za mwisho zinakuwa zimepigwa fimbo ngapi?"

"Nani anahesabu fimbo? Mia. Mia mbili."

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikainuka, nikaketi tena. Kituoni tuna mashine ya mkono inayozungusha hindi polepole kama mtu anayekamua nguo. Katika fomu za wizara, penye kipengele cha maadui wa mbegu, niliorodhesha dumuzi, panya, ndege na ukungu, kurasa kumi na nane. Mimi, niliyekulia chini ya kichanja, nilisahau kutuandika sisi wenyewe. Kwa mbegu, mama mdogo Sekunda alikuwa mnyama mkubwa mwenye fimbo, na kila mwaka alichagua za kupanda kutoka zile alizozitesa zaidi.

Na si yeye peke yake. Nyanda zote za juu hupiga hivyo, na nyanda hizo ndizo zinazoilisha nchi mbegu. Luhomelo ilitangulia kujua kwa sababu mvua huanza huko.

* * *

Mkutano uliitishwa asubuhi iliyofuata mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa Remigius Mhema, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyesoma na mimi darasa moja na aliyekuwa akinakili hesabu zangu. Alinisalimia mbele ya watu kwa heshima zote.

"Kamwene, Daktari."

"Kamwene, Mwenyekiti."

"Tueleze. Na utueleze kwa Kiswahili cha watu."

Nilieleza. Nilisema kosa ni langu, nikalisema mara mbili ili walioko nyuma nao wasikie. Kisha nikawapa njia ya kwanza. Kila punje iliyobaki ghalani isuguliwe kwa tupa, ile ya kunolea majembe, upande mmoja tu, mpaka weupe uonekane. Jeraha moja kinasa hakilijali. Punje moja inachukua dakika nne. Kaya ya watu watano, wakisugua kutwa kwa siku kumi na tano zilizobaki za kupanda, wangepata mbegu elfu kumi.

"Eka inataka elfu kumi na nane," alisema mama mmoja.

"Ndiyo. Mtapanda nusu eka na kidogo kila nyumba."

Watu walinung'unika. Nusu eka ni magunia manne kukiwa na bahati. Kila mtu pale alijua mwezi wa pili, mavuno hayo yakishaliwa, ungekuwaje. Majivu je? Ya baridi hayafanyi kitu, ya moto yanaua kiini. Mbegu za kituoni je? Nilikuwa na kilo nane, eka moja kwa kijiji kizima. Serikali je? Wizara ilisema italitazama suala hilo.

"Umesema njia ya kwanza," Remigius alisema. Hakuwa mjinga hata darasani, alikuwa mvivu tu. "Ya pili?"

Ningeweza kusema hakuna. Nilifikiria kusema hakuna. Lakini nilikuwa nimewaficha watu wale mambo ya kutosha, kwa hiyo nilikwenda kwenye gari nikarudi na mtungi wa kioo wa lita tano, mfuniko wake umefungwa kwa waya. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia, na unga ulikuwa unatembea.

Wazee walisogea nyuma. Vijana walisogea mbele, walikuwa wameshamsahau alivyo.

"Dumuzi," mtu alisema, kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu.

Kila mbegu inahitaji adui wa kuipimia, nami nilikuwa nimemfuga wangu miaka yote tisa. Kila nilipopata gamba gumu zaidi niliwapa hao. Wengi walikufa njaa, wachache wakatoboa, na wachache hao ndio waliozaa. Waliokuwa mtungini hawakuwa dumuzi wa zamani. Walikuwa elfu ishirini, na kwa ninavyojua ndio viumbe pekee duniani wanaoweza kutoboa gamba la Luhomelo. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimewapa punje kumi ndani ya chombo kidogo. Asubuhi zote zilikuwa na tundu safi, na katika saba kati ya hizo kiini hakikuguswa.

"Kwa hiyo," Remigius alisema polepole, "tukiwamwaga hawa kwenye magunia ya mbegu..."

"Wiki moja, mbegu zote zimefunguka. Mnapanda kijiji kizima."

Kelele za furaha zilianza. Niliinua mkono. "Sikilizeni. Wanaruka. Kituoni nimewafungia kwa kioo mara mbili na bado nimewahi kuwakuta kwenye mkoba wangu wa chakula. Wakitoka hapa, wenzetu wa kijiji cha Kitanewa wako kilomita tisa, na maghala yao yamejaa makopa. Mnajua dumuzi anavyopenda muhogo mkavu. Mwaka huu nchi nzima itakuwa na njaa, Kitanewa ndio watakuwa na akiba, na sisi tutakuwa tumewapelekea huyu. Dawa hakuna tena. Baada ya Kitanewa atakwenda kila mahali, na safari hii hakuna gamba la kumzuia."

"Kitanewa walitucheka miaka yote kwa kula magamba," mtu alisema.

"Wana watoto," nilijibu.

"Na sisi tuna nini, mbuzi?"

Remigius aliitisha mikono. Waliotaka tupa walikuwa kumi na wawili. Waliotaka dumuzi sikuwahesabu. Mkono wa mama mdogo Sekunda ulikuwa miongoni mwao, umenyooka kabisa, na hakuniangalia.

"Mchana tukutane ghalani," Remigius alisema. "Daktari, lete mtungi."

* * *

Sikuweza kutulia. Nilizunguka nyumba ya mama mdogo mara tatu nikiwa nimekumbatia mtungi, nikaingia jikoni, nikatoka, nikaingia tena. Chungu kikubwa cha mahindi na majivu kilikuwa kinatokota tangu alfajiri. Aliingia nyuma yangu akafunga mlango.

"Unaogopa," alisema.

"Naogopa sana, mama."

"Uniwekee hapo nimwone."

Niliuweka mtungi sakafuni, naye akachuchumaa mbele yake. Nilikuwa na miaka tisa alipokufa Kolumba, mmoja wa watoto aliowazaa, mwezi wa pili, mwaka ambao tulifungua kihenge tukakuta vumbi. Kolumba alikuwa na miaka mitatu. Kila kitu nilichosoma baada ya hapo nilikisoma kwa sababu ya vumbi lile.

"Mdogo hivi," mama mdogo alisema. Aligonga kioo kwa ukucha. "Nilikuwa nimeanza kumkumbuka kuwa mkubwa."

"Mama, wewe umeinua mkono. Wewe, kati ya watu wote."

"Nimezika mmoja kwa sababu ya huyu. Sitaki kuzika wengine kwa sababu ya kumkosa." Alinyanyua uso. "Wajukuu wawili wako shuleni sasa hivi. Uliwaona walivyo. Hao wa Kitanewa siwajui majina, Mungu anisamehe, siwajui."

Alichosema kilikuwa kweli kwa mtu mwenye wajukuu wawili na ghala moja. Nami nilikuwa na ramani kichwani, na katika ramani ile niliona vumbi likianzia Kitanewa na kuteremka bonde zima, na katika kila nyumba mwanamke anafungua kihenge. Kilichonitesa ni kwamba mara ya kwanza nilipowaamulia watu hawa mambo yao nilikuwa na uhakika uleule.

Mlango uligongwa. Remigius aliuliza kama tuko tayari.

Nilifungua waya wa mfuniko. Mama mdogo aliona mikono yangu inakwenda wapi kabla mimi sijakubali kwamba inakwenda huko, akanishika kiwiko, lakini nilikuwa nimeshauinamisha mtungi. Elfu ishirini na unga wao wakaingia ndani ya chungu kinachochemka. Nikautumbukiza na mtungi wenyewe nisije nikabakiza hata mmoja, kioo kikapasuka, na jiko likajaa harufu ya unga uliochemka.

Mama mdogo alinipiga kofi. Nina miaka hamsini na mbili.

"Hicho kilikuwa chakula cha watoto," alisema. "Cha siku mbili."

Remigius alisukuma mlango, akatazama chungu, akanitazama mimi. Nilitegemea matusi, lakini aliongea kwa sauti ya chini. "Ulituletea mbegu bila kutuuliza," alisema. "Sasa umetunyima bila kutusikiliza. Tofauti ni nini, Otilia?"

Alitoka kuwaambia watu. Nilisikia kelele ikipanda kutoka ghalani.

* * *

Walianza kusugua siku hiyohiyo, kwa sababu hawakuwa na la kufanya jingine. Nilitoa kilo nane za kituoni zikagawiwa kwa vikombe. Kisha nilinunua tupa zote zilizokuwa madukani mjini, mia na arobaini, nikazipeleka nyumba kwa nyumba. Wengine walizipokea kimya, wengine waliniambia niziache mlangoni. Mzee mmoja alitema mate chini, pembeni kidogo ya kiatu changu. Kila nyumba niliacha maneno yaleyale, kwamba mwakani mahindi yapukuchuliwe kwa vidole, fimbo isiguse mbegu, na kila nyumba niliitikiwa kwa kichwa tu.

Mama mdogo hakusema nami siku sita. Alisugua kibarazani, mimi nilisugua uani chini ya ukuta, wajukuu katikati yetu wakirudi shule. Ngozi ya vidole vyangu ilikwisha siku ya tatu. Nikafunga kitambaa, nikaendelea. Kila punje ilinichukua dakika tano, wakati mwingine sita, na nilisimama kila baada ya punje kumi kwenda kuangalia zile zilizopandwa kwanza, kana kwamba kutazama kungeharakisha.

Siku ya saba zilitoka. Nilikimbia kutoka shambani nikiwa nimesahau viatu.

"Mama! Zimeota. Mstari wa kwanza wote, zimeota!"

Hakuinua uso. Tupa yake iliendelea, kwenda na kurudi. "Ngapi?"

"Mia tatu na kumi."

"Tumebakiza siku nane." Alipuliza vumbi kwenye punje, akaikagua, akaiweka bakulini. "Umetuchagulia njaa, Otilia."

"Nimewachagulia, mama."

"Ofisini kwako wanakusubiri lini?"

"Jumatatu. Kuna kamati inataka maelezo."

"Na mwezi wa pili, Remigius akizika mtoto, utakuja mazishini na gari lako, utachangia sanda, utaondoka."

Ndivyo hasa ningefanya, na ningelia barabara nzima kurudi mjini.

Alisogea upande mmoja wa mkeka. Nafasi ilibaki pale, na bakuli la mbegu ambazo hazijaguswa.

"Usije mwezi wa pili," alisema. "Kaa. Ule tutakachokula, siku tutakayokula, na siku isiyo na kitu uwepo nayo."

Nilimtumia mkuu wa kituo ujumbe kwamba sitarudi kabla ya mavuno ya msimu wa pili. Kisha nikaketi kando ya mama mdogo, nikachukua punje, nikaanza kusugua.